Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya mazingira ya ziwa letu: Lifungeni lile bomba

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mjane wa miaka 58, na nimekuwa ufukweni tangu nabebwa mgongoni. Kwa njia ya ofisi nimeshaandika barua tatu. Ya kwanza iligongwa muhuri, nikaambiwa nisubiri. Ya pili haikupata hata muhuri. Ya tatu, kijana aliyeipokea aliniuliza kama sijachoka. Nimechoka, Mheshimiwa, na ndiyo maana hii ya nne naiandika mbele ya watu.

Usiku wa kuamkia Jumanne ilinyesha mvua kubwa. Mfereji ukashuka na kila kitu: chupa, nepi, utumbo wa kuku, na yale maji meusi ya bomba linalotoka kwenye majengo ya juu. Harufu yake unaijua. Agosti mwaka jana ulisimama pale pale ukaziba pua kwa leso, kisha ukatuahidi mbele ya wazee wa mwalo, yaani hapa mitumbwi inaposhushia samaki, kwamba ndani ya siku 90 bomba litakuwa limefungwa. Nilizihesabu siku hizo kwenye kalenda ya ukutani. Zikaisha, nikageuza kalenda, nikanunua nyingine.

Ndoo 60 za dagaa wangu, waliokuwa wamekauka nusu, tulikuwa tumewakusanya na kuwafunika turubai. Maji yaliwazoa wote. Mtaji ule ulikuwa mkopo wa kikundi, shilingi 1,800,000, na marejesho yake ni kila Ijumaa. Utauliza kwa nini walikuwa chini na si juu ya vichanja. Vichanja vyetu viling'olewa mwaka juzi na watu waliokuja na utepe wa kupimia, wakatusomea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayotaka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe. Tulitii. Kichanja changu cha miti na wavu kilikuwa mita 40, kikang'olewa. Bomba halina hata mita moja, mdomo wake umo majini, na halijaguswa. Naomba unieleze mimi na wenzangu ni sheria gani inayoona kichanja ikashindwa kuona bomba.

Asubuhi ile samaki walikuwa wanaelea. Sato, sangara wachanga, furu, midomo wazi. Vijana walisema kuna mtu katia sumu. Mimi sidhani, ingawa sina kipimo. Samaki wa sumu nimewahi kuwaona, na hawa walikuwa tofauti: walikuwa wamekosa hewa. Maji ya vyooni na mbolea za mashambani hulilisha ziwa kupita kiasi, mwani unaota hadi maji yanakuwa kama uji wa kijani, kisha unakufa na kuzama, na katika kuoza kwake unaimaliza hewa iliyomo majini. Samaki hana mahali pa kukimbilia. Hili nilielezwa na wataalamu wa samaki waliokuja kufundisha wachakataji, na kila mara maji yakiwa ya kijani nimeona walisema kweli.

Marehemu baba yangu alivua ngege, ningu na furu. Ziwa hili lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, nyingi haziko mahali pengine popote duniani. Miaka ya 1950, upande wa Uganda, maofisa wa kikoloni walitaka samaki mkubwa, akapandwa sangara. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa huku kwetu, na wataalamu wanakadiria aina zipatazo 200 za furu zimepotea. Simtukani sangara. Ndiye aliyemsomesha mwanangu wa kwanza. Lakini angalia jinsi binadamu wachache, kwa uamuzi wa siku moja, walivyobadilisha ziwa la kilomita za mraba 68,800, na hakuna ofisi iliyoweza kulirudisha. Miaka kama 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka. Likajaa tena kwa mvua, na viumbe vikaenea humo bila mkono wa mtu. Tunayoyaharibu sisi ndani ya umri wa mama mmoja yalichukua muda ambao hata kuuhesabu siwezi.

Kuna furu mmoja wa miamba ya Ghuba ya Mwanza ambaye wanasayansi walimpa jina la Mwalimu Nyerere. Anaitwa nyererei. Dume lake lina wekundu mgongoni. Ana ndugu yake wa buluu anayekaa kina kifupi zaidi, na wanaoneana tofauti kwa rangi tu: jike huchagua dume wa rangi ya jamii yake. Maji yakichafuka mwanga hauingii vizuri, jike haoni rangi, wanachanganyika, na aina mbili zinageuka moja. Nilipoelezwa habari hiyo nililia, na sioni aibu kuisema. Hakuna aliyemvua yule samaki wala kumla. Tumemfumba macho tu. Septemba 1961, kule Arusha, Mwalimu alitangaza kwamba viumbe wa porini ni dhamana tuliyopewa, na kwamba tutawatunza hadi wajukuu wa watoto wetu wawakute. Samaki mwenye jina lake yumo katika ghuba hiyo hiyo linamotiririkia bomba ninalokuandikia.

Usidhani nayasema haya kwa ajili ya furu peke yao. Mjukuu wangu ana miaka tisa. Mwezi wa pili alianza kukojoa damu. Hospitali wakasema kichocho, akapewa vidonge, akapata nafuu, na wiki iliyofuata alikuwa majini tena kwa sababu ndiko tunakochota. Mayai ya kichocho yanatoka kwa binadamu, yanaingia majini na uchafu wetu, yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka humo na kumchoma mtoto kwenye ngozi. Konokono hana kosa. Uchafu tunaoumwaga umetoka mwilini mwetu na unarudi mwilini mwetu, ila haumrudii aliyeumwaga. Majengo ya juu wana maji ya bomba. Sisi huku chini tunaogea kinachotoka kwao.

Marehemu mume wangu alivua dagaa kwa karabai, kabla ya hizi taa za sola. Usiku mmoja wa giza nilipanda naye mtumbwi, jambo ambalo wavuvi wengi hawalipendi, kwamba mwanamke anafukuza samaki. Tulipofika mbali alizima taa kidogo ili abadilishe utambi. Sijawahi kuona nyota kama zile. Zilikuwa juu na zilikuwa chini, majini, na sisi wawili katikati kwenye ubao. Baadaye mwanangu aliyesoma aliniambia kwamba katika nyota zote hizo bado hawajapata mahali pengine penye kiumbe hata kimoja kilicho hai. Hata mdudu. Tangu hapo nikishika dagaa mmoja kiganjani namwangalia tofauti. Mbingu yote ile, na mpaka leo dagaa anajulikana kuwapo hapa duniani tu.

Na ujue, Mheshimiwa, mwezi ukiwa mkubwa taa zetu hazina nguvu. Dagaa hawazifuati, mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na ziwa linapumua siku kadhaa. Hakuna askari anayetulazimisha. Tunatii kwa sababu mwezi ni mkubwa kuliko sisi. Bomba lile halina mbalamwezi wala giza. Linamwaga usiku na mchana, Krismasi na Idi.

Ibara ya 27 ya Katiba inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mali asilia ya nchi. Wajibu wangu nimeutimiza: nimeacha kununua dagaa wa nyavu haramu hata pale walipokuwa nusu bei, kichanja changu nimekiachia, na kila Jumamosi tunaokota plastiki na akina mama wenzangu kwa mikono mitupu. Vijana wametoa mitumbwi yao kuondoa magugu maji bila kulipwa. Kufunga bomba hatuwezi. Tulijaribu kuliziba kwa mawe na viroba vya mchanga mwezi wa nne, tukatishiwa kukamatwa kwa kuharibu miundombinu.

Nilikuwa na maombi mengi. Nilitaka kuomba fidia ya dagaa, vichanja vya kisasa, kisima cha mwalo, choo, wavu wa kunasa taka mdomoni mwa mfereji. Nimeandika, nimefuta. Dagaa wangu wameshaliwa na ziwa, deni nitalibeba. Naomba moja tu, lile lile la Agosti: lifungeni lile bomba. Kama haliwezekani wiki hii, basi njoo mwenyewe, bila kamera na bila msafara, uje asubuhi wakati watoto wanachota, uniambie mbele ya mjukuu wangu ni siku ngapi nyingine nizihesabu.

Giza linaanza wiki ijayo na mitumbwi itaingia. Nitakuwa pale pale, upande wa mawe makubwa, kila siku tangu saa kumi na moja alfajiri. Ukiuliza Mama wa Dagaa utaonyeshwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mchuuzi wa dagaa,
Mwanza