Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya yetu: ile bajaji imerudi

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, shikamoo. Jumamosi mnadani ile bajaji ya "unga wa kunyonga kansa" imerudi, imeegeshwa chini ya mkwaju uleule uliposimama wewe mwezi wa tatu ukasema ndani ya wiki mbili hatutawaona tena. Huenda wiki za ofisini ni ndefu kuliko zetu.

Nilisimama nikamsikiliza kijana wao. Anasema uvimbe unakula kupitia mishipa ya damu, ukiikata unakufa njaa. Kinachoniuma ni kwamba hapo hadanganyi. Daktari Judah Folkman wa Marekani aliandika mwaka 1971 kwamba uvimbe usipojioteshea mishipa mipya hauvuki milimita chache. Na manjano, chai ya kijani na soya, anavyosema vimo kwenye unga wake, kweli vina kemikali zilizopunguza uotaji wa mishipa hiyo, ila ni maabara, kwenye seli na panya. Uongo uko kwenye kopo. Kurkumini, kemikali ya manjano, ni kama gramu 3 tu katika gramu 100 za unga, na ukiimeza, kinachofika kwenye damu ni kiduchu mno. Dawa ya hospitali ya kuzuia mishipa, bevasizumabu, inaingizwa kwa dripu, na mara nyingi inasaidiwa na dawa nyingine. Sembuse kijiko cha unga!

Dada yangu alinunua makopo sita, elfu arobaini kila moja. Tuliuza mbuzi. Kila alfajiri alikoroga kijiko kwenye uji, hadi kucha zikawa za njano, akanionyesha anacheka: "Ona, inafanya kazi." Alipoanza, uvimbe wa titi ulikuwa kama harage. Alipokubali kwenda hospitali ulikuwa umeshapasua ngozi. Tukazika.

Sijui nani anawaruhusu. Nadhani wakishalipa ushuru wa mnada hakuna anayeuliza kilichomo. Au mnasubiri azikwe mtu mkubwa?

Sikuombi semina, Mheshimiwa, wala kamati. Manjano tutaendelea kutia kwenye mchuzi, hatuna ugomvi nayo. Zima kile kipaza sauti cha bajaji. Hicho tu. Jumamosi hii kuna mnada tena, kizime.

Ni mimi, yule mama wa kanga nyekundu niliyenyoosha mkono siku ile, ukasema, "Huyu ameongea vizuri, mpigieni makofi."