Saidingi za Mwanza zisifukiwe kabla hazijahesabiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu zile reli za pembeni, saidingi, ambazo hapa Mwanza zimebaki zimefunikwa na mchanga na majani, nyingine zimepita chini ya vibanda vya watu na nyingine vyuma vimeshang'olewa vikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Saa hizi kila mtu anaongelea SGR, ile reli mpya ya kisasa, na mimi naifurahia sana, kilomita 341 za reli ukijumlisha na njia za pembeni, kutoka Isaka mpaka huku kwetu, sio mchezo, lakini sijasikia mtu akiulizia hizi za zamani zitafanywaje.

Vijana wengi wanadhani reli ni stesheni na abiria basi. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ilifuata mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa pamba. Kazi ya saidingi ni kumfikishia behewa mwenye mali mlangoni kwake, kichwa cha treni kinasukuma mabehewa mpaka ubavuni mwa ghala au kiwanda cha kuchambua pamba, yanaachwa pale, treni inaendelea na safari zake, makuli wanapakia marobota kutwa nzima bila kukimbizwa na mtu, baadaye kichwa kinarudi kuyachukua yanaungwa kwenye treni la Tabora na Dar. Robota linatoka kiwandani linaingia behewani moja kwa moja, hakuna kulipandisha lori halafu kulishusha tena stesheni. Faida yote ilikuwa hapo jamani, maana kila ukipakia na kupakua hela inatoka na mali inachanika. Na behewa lililoleta saruji au mbolea halikurudi tupu.

Kilichoziua kinajulikana. Vyama vya ushirika vilivyokuwa vikinunua pamba ya wakulima vilifutwa 1976, vikarudishwa miaka ya 80 havina nguvu ile, miaka ya 90 wakaingia wanunuzi binafsi na malori yao, lami ikaja, mabehewa yakawa hayapatikani kwa wakati, mafuriko nayo yakawa yanakata reli kule Kilosa na Gulwe. Mwenye mzigo atasubiri behewa mpaka lini? Akaita lori. Saidingi isipopitiwa misimu kadhaa mataruma yanayoshikilia reli yanaoza na watu wanajenga, ndio mwisho wake.

Sasa kinachoniumiza zaidi ni bandari ya Mwanza Kusini. Pale reli inashuka mpaka kwenye maji, na meli ya MV Umoja ina reli ndani yake, behewa linaingia melini na mzigo wake na kutokea Port Bell, Uganda, bila kufunguliwa. Mwaka 2018 njia hiyo ilifufuliwa, mzigo ukapita tena kwenda Uganda, tukaona wenyewe kwamba inawezekana. Ila reli za Umoja zina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma kama hii ya zamani, SGR ni milimita 1,435, behewa la SGR haliingii mle. Kwa hiyo mtu akisema reli mpya inakuja tung'oe hii kuukuu, ajue anaikata na meli, labda kama ameshaandaa meli nyingine.

Ombi langu kwa Shirika la Reli (TRC) na Jiji, kabla hamjauza kiwanja au kumwaga zege popote karibu na reli, zitembeeni hizi saidingi zote zichorwe kwenye ramani, ijulikane ipi inafaa kufufuliwa na ipi imeshakufa kabisa. Za kuelekea bandarini zisiguswe. Waliojenga juu yake waambiwe mapema na kwa utaratibu, sio kuamshwa na tingatinga, wengi wao walikuta majani tu pale. Na wazee waliokuwa wakishanti mabehewa, yaani kuyapanga na kuyahamisha njia, bado wapo, wengine wako hapa hapa Igogo na Mkuyuni, waiteni watembee na mainjinia wawaonyeshe pointi, pale treni inapohama njia, zilikuwa wapi.

Msomaji wenu,
Igogo, Mwanza