Shukrani kwa fundi wa Mtaa wa Aggrey

Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikazima jumla, na mswada wa riwaya yangu umo humo ndani. Fundi wa kwanza alitaka hela ndefu kabla hajashika hata bisibisi. Nikaelekezwa Kariakoo, kwa kijana mwenye meza pembeni ya duka la simu.

Huyu alifungua skrubu moja moja akiziweka kwenye kifuniko cha chupa ya maji, akachomoa diski, akaiunganisha na mashine yake. Mafaili yakaonekana! Hakuniruhusu kuondoka mpaka nilipofungua sura ya mwisho mbele yake. Akanihamishia kila kitu kwenye flashi, akasimamia nijitumie na nakala kwa barua pepe. Alipoona mikono inanitetemeka (sikuwa nimekula tangu jana yake, ndivyo waandishi tunavyojitesa), akamwita mama ntilie: "Mpe dada chai na chapati, nalipa mimi." Kwangu alichukua bei ya flashi tu.

Kaka, Mungu akuzidishie. Kitabu kikitoka, nakala yako nakuletea mwenyewe. Na nyie mliosaidiwa na mafundi wa namna hii, waelekezeni watu kwenye meza zao. Wengi hawana hata kibao.