Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya baba yetu, mwigizaji wa jukwaa na filamu

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu tunatoa shukrani za dhati kwenu nyote mliokuwa nasi tangu baba alipolazwa hadi tulipompumzisha. Mlifika, mlipiga simu, mlichanga, mlikesha. Wapo waliokuja kimyakimya, wakapanga viti na kuosha vyombo, wakaondoka hata hatujawauliza majina. Kumtaja kila mmoja haiwezekani, hivyo tunaomba mpokee asante hii kwa ujumla wenu.

Madaktari na wauguzi, poleni na kazi. Mgonjwa wenu hakuwa rahisi. Kila daktari alipoingia wodini, sauti ya jukwaani ilirudi: "Sijambo kabisa!" Mlango ukifungwa tu, yuko hoi. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alimng'amua mapema, kwa sababu yeye hakuhangaika na uso, alitazama mikono. Dada, Mungu akuzidishie.

Shukrani za pekee ziwaendee viongozi wa dini waliotuongoza katika maombi na mazishi, na hapa mtuwie radhi tukirefusha kidogo. Baba alipenda kusimulia habari za Molière, mwigizaji na mwandishi wa michezo wa Ufaransa, ambaye mwezi Februari 1673 alizidiwa akiwa jukwaani, tena katika nafasi ya mtu anayejidhania mgonjwa, akafariki saa chache baadaye. Enzi hizo kanisa halikuruhusu waigizaji wazikwe kama waumini wengine. Mjane wake alilazimika kumwendea mfalme, na ruhusa ilipotoka, ilikuwa ya kuzika usiku bila shamrashamra. Baba akifika hapo hucheka, halafu hunyamaza. Naye katika ujana wake aliitwa mhuni, na walioanza kumwita hivyo ni watu wa nyumbani kwao. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alikaa chini akatafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na mwaka 1969 "Mabepari wa Venisi" ikatoka kitabu, je, naye ni mhuni? Basi tulipowaona nyinyi mmesimama mchana kweupe, umati umejaa, mnaitaja kazi yake kwa jina lake bila kuionea aibu, sisi tulijua mmemlipa deni la siku nyingi.

Kwa wasanii wenzake tunakosa maneno. Wengi mnamfahamu kama mzee wa kwenye filamu, lakini mjue alianza nyuma ya pazia, akiwa na skripti mkononi, akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Kazi hiyo ilimfundisha kusikiliza. Hata alipokuwa jina kubwa, mtu wa kwanza kumsalimia akifika mazoezini alikuwa yule wa nyuma ya pazia, halafu mafundi taa, halafu watu wa maleba, yaani mavazi ya uigizaji. Mwongozaji alisubiri zamu yake. Ndiyo maana tulifarijika kuwaona mafundi wale mstari wa mbele msibani. Na dada wa mekapu uliyekuwa unakuja wodini kumnyoa ndevu, ulimrudishia uso wake. Hatutasahau.

Filamu alizianza umri umekwenda, na mwanzoni zilimtesa. Jukwaani alizoea kupeleka sauti mpaka kwa aliyekaa kiti cha mwisho kabisa. Sasa kinasa sauti kiko juu ya kichwa chake na kamera iko puani, na kila akifungua mdomo anaambiwa anapayuka. Lililomshinda zaidi ni mpangilio. Filamu hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi, hufuatwa mahali na mwanga, hivyo asubuhi unaweza kumzika mkeo na jioni ukamchumbia. Yeye alikuwa mwanafunzi mtiifu wa Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliyetaka mwigizaji ajue mhusika wake ametoka wapi na anataka nini kabla hajasema neno. Kwa hiyo pembeni mwa kila onyesho aliandika kwa penseli: "Sijala tangu jana." "Bado sijui kama kaka amekufa." "Kiatu cha kushoto kinabana." Skripti zake zimejaa maandishi hayo, mengine hatuyaelewi.

Kuna jambo inabidi tuliweke sawa. Picha ya baba akiwa ndani ya jeneza iliyosambaa kwenye simu za watu siku ya msiba si ya msiba. Ni ya filamu. Tunajua wengi mliituma kwa mapenzi, lakini ilimfikia mama kabla sisi hatujamfikia. Tunaomba iachwe.

Ila kwa wanaouliza, ndiyo, kufa alikuwa anakuweza, na alitufundisha pale sebuleni. Maiti wa jukwaani anapumua na watu wanamtazama, alisema, kwa hiyo ukianguka usiwaelekeze kifua. Mkono mmoja ulale juu ya mbavu ufiche kupanda na kushuka. Pumzi ivutwe kwa tumbo, taratibu, na ivutwe wakati wenzako wanalia kwa sauti. Kwenye filamu mwongozaji anaweza kukata na kurudia, lakini kamera ikiwa karibu, kope moja ikicheza tu mmeanza upya. Wajukuu walikuwa wanashindana nani atakufa vizuri. Mama hakuupenda mchezo ule hata siku moja.

Majirani, wanakamati ya mazishi, waajiri wetu mliotupa ruhusa, vikundi mlivyotuletea rambirambi, na nyinyi mashabiki mliosafiri kumsindikiza mtu mliyemjua kwa kioo tu: asanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe pale mlipopunguza.

Mwisho, mambo ya ndani. Kama yupo anayemdai marehemu, afike kwa familia tumalizane. Wapo pia wanaodaiwa malipo ya kazi alizozimaliza zamani. Hao wanajijua, nasi hatuna haraka kuliko aliyokuwa nayo yeye. Mlioazima skripti kwake, tunaomba mzirudishe, hata zilizochanika, kwa sababu tunakusanya yale maandishi ya penseli. Na mwenzetu aliyeacha fimbo ya mzee na koti jeusi la kijeshi nyumbani kwetu baada ya onyesho lao la mwisho, vitu vyako vipo salama, njoo uvichukue wakati wowote.