Wagonjwa wa kisukari wavuliwe viatu kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahudumu wa kliniki za kisukari hapa Moshi, na kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari.

Jumapili moja mwaka jana mama yangu alirudi kutoka ibadani, akapitiliza jikoni kutazama makande. Punde tukamsikia akifoka: ni mtoto gani kajikata anatuchafulia sakafu? Kwenye saruji palikuwa na alama nyekundu, moja kila hatua, kutoka mlangoni hadi pale aliposimama. Damu ilikuwa yake. Msumari wa soli aliyowekewa na fundi siku chache nyuma ulikuwa umetokeza ndani ya kiatu, naye ameukanyaga tangu asubuhi, kwenda na kurudi, na kusimama na kwaya juu yake. Hakusikia kitu.

Kidonda kile kilimlaza wodini wiki tano. Alitoka bila vidole viwili.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanzia mbali kabisa, miguuni. Mwanzoni mgonjwa husema nyayo zinawaka moto, au anatembea kama juu ya pamba. Halafu inakuja ganzi, na kwa kuwa ganzi haiumi, halalamiki tena. Mishipa ya damu nayo husinyaa, hivyo palipochubuka hapaponi upesi. Ndivyo lengelenge la kiatu kipya linavyogeuka kidonda ndugu. Wapo waliomwambia mama kwamba amekanyaga kitu alichotegewa na wabaya wake. Msumari tunao mpaka leo.

Kinachoniuma ni kwamba mama alikuwa na miaka tisa ya kliniki, na hakosi. Anapimwa uzito na presha, anatobolewa kidole cha mkono, anaandikiwa dawa, anarudi nyumbani. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia, mama, hebu vua viatu. Sisemi wauguzi hawajali. Foleni ile naijua, nimeikalia. Lakini kuangalia nyayo na katikati ya vidole, pamoja na kupima ganzi, ni kazi ya dakika chache. Uzi maalumu wa kupimia ukikosekana, kidole cha mkono kinatosha. Iko njia iliyobuniwa Ipswich, Uingereza: mgonjwa anafumba macho, nawe unamgusa kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Jumla vidole sita. Usibonyeze wala usipapase. Kila akisikia, aseme. Asiposikia viwili au zaidi, ganzi imeshaingia, na miguu ya huyo inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Hata mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kumpima bibi yake hivyo.

Nyumbani nako tuna mambo ya kuacha. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishika, wazee wetu huota miguu kwenye jiko la mkaa au huitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Mwenye ganzi anaungua huku anaona raha. Maji yajaribiwe kwa kiwiko, tena na mtu mwingine. Viatu vikung'utwe na mkono upitishwe ndani kabla ya kuvaliwa, hasa vilivyotoka kwa fundi, na katambuga zile za misumari. Magaga yapakwe mafuta, ila si katikati ya vidole, maana unyevu pale hualika fangasi. Sugu isichongwe kwa wembe. Na kutembea peku kuachwe hata ndani ya nyumba. Mchubuko ukionekana, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asingoje siku ya kliniki.

Siku hizi kila usiku kabla ya kulala mjukuu humpigia mama magoti na kummulika nyayo kwa tochi ya simu. Mwanzoni mama aliona haya, sasa mtoto akichelewa anamwita mwenyewe. Kliniki yake ni Jumanne ijayo. Nitamvua viatu tukiwa bado kwenye benchi, na zamu yake ikifika nitaomba miguu yake itazamwe.

Mkazi wa Majengo,
Moshi