Nimtaje anayempeleka mwanangu shule?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, nimeolewa Kampala, huu mwaka wa 9. Nauza viatu vya mitumba soko la Owino na tunaishi Ndeeba.

Wiki mbili zilizopita, jioni, natembea kurudi nyumbani, nimefika kwenye maduka ya mbao, nikasikia "Mubbi! Mubbi!" Ni "mwizi" kwa Kiganda, na likishapigwa yowe hilo watu hawaulizi tena. Nilimkuta mtu yuko chini, anapigwa mateke na vipande vya mbao. Kama kweli aliiba simu au hakuiba, hadi leo sijui, na sioni kingebadilika nini. Ninachokijua ni kwamba kijana mmoja aliinua tofali kwa mikono miwili akampiga nalo kichwani.

Nikapiga kelele. Kiganda nakiweza, lakini kilichonitoka ni Kiswahili: "Mwacheni! Mnaua mtu!" Wakarudi nyuma wote. Kwa wasioishi hapa, niseme kwamba watu wengi wa Kampala, hasa wazee, bado wanakisikia Kiswahili kama lugha ya askari, tangu enzi za Amin. Nadhani walinidhania mtu wa usalama. Sikuwakatalia.

Nilimlaza ubavu asipaliwe na damu, nikaikunja kanga yangu nikakandamiza jeraha. Teksi mbili zilikataa kumbeba, zikihofia viti. Mwenye gari la kukodi akakubali kwa shilingi 30,000, na fundi mmoja wa mbao akanisaidia kumwinua. Hospitali wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kama kwetu, nikakimbilia polisi. Huko ndiko jina langu na namba yangu ya simu vilikoandikwa. Fuvu lilipasuka. Alikaa siku tatu bila fahamu. Sasa anaongea, ila mkono wa kulia haunyanyuki.

Shangazi, yule mwenye tofali namfahamu. Ni bodaboda wa stegi ya kwetu. Ndiye anayempeleka binti yangu shule kila asubuhi, mwaka wa pili sasa, na mvua ikinyesha humfunika kwa koti lake yeye mwenyewe alowe. Binti humwita mjomba. Asubuhi ya pili yake alikuja kama kawaida, akampakia mtoto, kisha akaniuliza bila kuniangalia usoni, "Mama, yule mtu anaendeleaje?" Nikamjibu yu hai. Hajui kama nilimwona. Au anajua.

Askari mpelelezi amenipigia mara mbili, anataka nikaandikishe maelezo Alhamisi. Mume wangu anasema nieleze yote ila nisimtaje mtu, maana wale vijana wa stegi ni wamoja, nami narudi na giza kila siku. Simlaumu, anatuhofia. Alifikiria pia tumpelekee mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, wayamalize mtaani, lakini mtu kupasuliwa fuvu ni kesi ya kumalizwa na LC?

Ningeweza kunyamaza kama si mama wa yule majeruhi. Alikuja kutoka Masaka, akanipigia magoti pale wodini kunishukuru, mtu mzima sawa na mama yangu. Kisha akauliza, "Ni nani waliomfanyia hivi mwanangu?" Nikasema sikuwaona. Nilimdanganya mzazi mwenzangu huku ameshika mikono yangu. Tangu siku hiyo usingizi nausikia kwa wengine.

Naomba uniongoze. Nikimtaja, naweza kuwaomba polisi jina langu lisifike stegi, na wakinikubalia niwaamini? Au nianze na kijana mwenyewe, nimwambie nilimwona, ajipeleke kabla ya Alhamisi? Nahofia nikimwambia atakimbia, au atanigeuka. Na mtoto je, nimtafutie boda mwingine kuanzia kesho? Akiniuliza mjomba yuko wapi, nimjibu nini?

Yule mama amenirudishia kanga. Ameifua, ikatakata. Bado sijaweza kuivaa.

Mama Wawili,
Ndeeba, Kampala