Kidimbwi cha mzee: fibaglasi ya kijana au zege la shemeji?

Kwako mshauri wa ujenzi,

Mimi sijui kuogelea, na mzee wangu pia hajui. Natanguliza hilo kwa sababu majirani hapa Ruai wameanza kusema tumeota pembe, eti tunataka kidimbwi cha kuogelea kama hoteli. Ukweli ni goti. Mzee aliendesha trela kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka 26, na goti lake la kushoto, lile la klachi, limesagika. Mwaka juzi alifanyiwa upasuaji, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwambia kutembea ndani ya maji yanayomfika kifuani kutamfaa kuliko vidonge vyote alivyopanga mezani. Tukawa tunampeleka hoteli moja ya mjini mara mbili kwa wiki. Kwenda saa moja na nusu, kurudi saa mbili kwa ule msongamano wa magari, na goti likishakunjwa garini saa mbili linarudi vilevile lilivyotoka nyumbani.

Kifungua mimba wetu anafanya kazi Brisbane, Australia. Akasema, mama, chimbeni chenu hapo nyumbani, nitalipa. Nafasi tunayo, ni nusu ekari tuliyoinunua mwaka 1998, wakati ukimwambia mtu unahamia Ruai anakupa pole. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe kijana anataka ganda la fibaglasi, lile linalokuja limefinyangwa tayari, na shemeji yangu, mdogo wake mzee, anataka zege. Shemeji alisimamia majengo ya serikali mpaka akastaafu, kwa hivyo huwezi kumwambia hajui. Kijana naye ndiye mwenye pesa. Mimi nimekaa katikati na simu mbili.

Hebu nikueleze ardhi yenyewe, maana naona shida yote iko huko. Kwetu ni udongo mweusi, ule unaonata kwenye gambuti mpaka unatembea kama umefungwa matofali miguuni. Mvua ikinyesha unavimba. Ikifika Januari kama sasa, unapasuka mianya ambayo mkono wangu unazama mpaka kwenye kifundo. Tulipochimba shimo la choo mwaka 2016, weusi ulishuka futi nne na nusu, ikaja murram, ule udongo mgumu wa changarawe, yenye vijiwe, kisha jiwe la kijivu lililowashinda vijana na sururu zao.

Udongo huu umeshanionyesha mambo mawili. La kwanza ni ukuta wa ua. Tuliujenga kwa mawe ya Ndarugo, msingi futi mbili tu, kwa kuwa fundi alisema ukuta hauna mzigo wa kubeba. Mvua ya masika ya 2018 ilipokwisha, ukuta ulikuwa umepasuka sehemu tatu, nyufa zikipanda ngazi ngazi kutoka chini mpaka juu. Tumeziba, ukapasuka tena palepale. La pili si langu, ni la jirani anayetazamana nasi. Alikuwa amezika tanki la plastiki la lita 10,000 la kuwekea maji. Aprili 2024, ile mvua iliyofurika Nairobi nzima, tanki lilikuwa karibu tupu. Tuliamka asubuhi tukalikuta limechomoza juu ya ardhi kama kiboko aliyekuja kupumua, na simiti iliyolifunika limeibeba begani.

Sasa nikimsikiliza kijana, nauona ule ukuta. Nikimsikiliza shemeji, naliona lile tanki.

Kijana anasema zege ni gumu lakini halina subira: ardhi ikilisukuma, linapasuka, na kidimbwi kilichopasuka ni cha kuziba kila mwaka. Fibaglasi hunyumbuka. Inasukumwa, inapinda kidogo, inarudi. Huko aliko watu wengi wanayo kwenye nyua zao. Anasema pia ngozi yake ni laini, kwa hivyo ule utelezi wa kijani haupati pa kushika na klorini inayotumika ni kidogo, wakati kidimbwi cha simiti mpya hupandisha pH ya maji (kile kipimo cha asidi na magadi) kila mara na unabaki kukimbizana nacho na asidi. Ganda linashushwa shimoni kwa siku moja. Kazi nzima, akichukua na njia ya kutembelea pembeni, wiki tatu hivi.

Shemeji anataka miezi minne. Sakafu ya zege inchi nane, vyuma vya Y12 (unene wa milimita 12) tabaka mbili, kuta za zege la kumwaga zilizoshikana na sakafu, kulinywesha maji kwa siku 28, kisha kulijaza na kuliacha wiki mbili kabla ya kubandika hata kigae kimoja. Kwenye kidato cha kushukia majini anasema ataweka ndoo iliyojaa maji, tulinganishe kinachopungua ndooni na kinachopungua kidimbwini, maana jua nalo hunywa. Kikipungua zaidi cha kidimbwi, kinavuja. Napenda mtu anayefikiria ndoo.

Na ule ukuta wangu hautambui kabisa kuwa ushahidi. "Shemeji, ule si ukuta, ni mawe yaliyopangwa juu ya sponji. Hauna chuma hata kimoja." Nadhani hapo ana haki. Kuna fundi wa hapa mtaani aliyekuja kunishauri eti tujenge kidimbwi kwa mawe hayohayo ya Ndarugo halafu tupige plasta yenye dawa ya kuzuia maji, nusu bei. Nilimpa chai akaenda.

Lakini hoja ya shemeji iliyoninyima usingizi ni ya kokoto. Anasema ganda la fibaglasi halizungushiwi udongo huu mweusi, kwa sababu utalibana. Huzungushiwa kokoto safi, ukijaza maji ndani huku unajaza kokoto nje, futi kwa futi, ili lisielemewe upande mmoja. Kijana anakubali hilo neno kwa neno. Sasa, anasema shemeji, umechimba bakuli katika udongo usiopitisha maji, ukalijaza kokoto zenye nafasi tupu. Mvua ikija, maji yote ya ua yataingia humo na hayana pa kutokea, maana kiwanja chetu ni bapa kama meza na hakuna bonde la kuyaelekezea bomba. Ganda litakuwa limekaa ndani ya bakuli la maji. Siku mtu akilipunguza maji ya ndani, litafanya alivyofanya yule kiboko wa jirani.

Nilimpigia kijana. Akasema wanajua, na dawa yake ipo: bomba la wima la inchi sita linaloshuka kwenye kokoto mpaka chini ya ganda. Unachungulia humo, ukiona maji yamepanda unateremsha pampu ndogo unayatoa. Na kidimbwi hakimwagwi maji msimu wa mvua, kamwe. Nikamuuliza: na stima ikipotea? Maana hapa kwetu radi ya kwanza na stima kupotea ni kitu kimoja. Akanyamaza kidogo, akasema tutanunua jenereta. Unaona jinsi vitu vinavyozaana.

Na hapo niseme neno kuhusu muuzaji wa maganda tuliyemtembelea. Ana maneno matamu. Nilipomuuliza kuhusu kulimwaga maji, alisema, "Mama, hata ukitoa yote hakuna shida, hii ni imara." Kijana wangu anayelipenda ganda ananiambia nisithubutu, na anayeliuza ananiambia hakuna shida! Kwa haki, shemeji naye anakiri kwamba hata la zege likiwa tupu laweza kuinuliwa au kupasuliwa na maji ya chini. Ndiyo maana kwenye mchoro wake ameweka vali sakafuni, maji ya ardhini yakizidi nguvu yaingie ndani badala ya kusukuma.

Huko kwa muuzaji ndiko mzee alikotuharibia hesabu zote. Ganda lilikuwa limewekwa juu ya nyasi, mita 7 kwa mita 3.2, rangi ya samawati, zuri kwa kweli, na vidato vimefinyangwa humohumo kwenye kona. Mzee akasema anataka kujaribu. Akaingia kwa kusaidiwa, akashuka kidato cha kwanza, cha pili akasimama. Kila kimoja kina karibu inchi kumi na hakuna pa kushika. Akageuka, akatoka, akasema, "Hiki ni cha vijana." Shemeji, tulipomsimulia, alichora vidato vya inchi tano, vipana, na vyuma vya kushika pande zote mbili, akamtumia mzee picha kwenye simu. Mzee ameionyesha picha hiyo kwa kila anayekuja kututembelea. Muuzaji anasema laweza kuongezwa reli na ngazi ya pembeni. Kijana anasema wapo wanaofinyanga maganda yenye vidato vifupi, ila itabidi tusubiri meli.

Kuhusu barabara, mzee alitoka mwenyewe na mkongojo na futi ya mkanda, akapima kutoka kwenye Eastern Bypass mpaka langoni petu, akasimamisha bodaboda, akahesabu nyaya. Sijamwona na furaha hiyo kwa miaka miwili. Hukumu yake: trela litapita likiwa na kibali cha mzigo mpana, lakini kreni haitasimama pale kwenye kona kwa sababu nyaya za stima zimelegea. Ingebidi kreni iingie kwa kiwanja cha jirani nyuma yetu, na jirani huyo ndiye anayesema tumeota pembe.

Bei haituamulii. Zege lilikadiriwa shilingi milioni 2.7, fibaglasi milioni 2.2, lakini ukiongeza kreni, kokoto, bomba na kibali inapanda mpaka milioni 2.6. Hiyo tofauti inaweza kumalizwa na lori mbili za ziada za kutupa udongo.

Ukubwa ndio unaonitatiza kidogo. Shemeji amechora mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, kwa sababu anasema ukichimba, chimba. Hizo ni karibu lita 45,000. Ganda lina kama lita 29,000. Maji ya kisima cha mtaa yana chumvi, kwa hivyo tutajaza kwa boza la lita 10,000: matano kwa zege, matatu kwa ganda. Na usisahau Julai. Baridi ya Julai hapa hata kunawa uso ni ushujaa, na goti bovu halipendi maji baridi. Kadiri kidimbwi kinavyokuwa kidogo ndivyo paneli za jua za kupasha maji zinavyokuwa chache. Mzee anataka mahali pa kutembea hatua kumi na kugeuka, si pa kufanyia mashindano. Nimemwambia shemeji apunguze, amesema ataangalia. Anaposema hivyo huwa haangalii.

Sasa maswali yangu. Kwa kuwa murram iko futi nne na nusu, sakafu ya kidimbwi chochote kati ya hivi viwili itakalia ardhi ngumu, ila kuta ndizo zitakazokuwa ndani ya udongo mweusi. Je, tukiuondoa mweusi wote kuzunguka, tuuondoe kwa upana gani ndipo usiweze kusukuma? Futi mbili? Sita? Shemeji anasema tatu na kurudishia murram iliyoshindiliwa. Kijana anasema hiyo nafasi ni ya kokoto tu. Je, murram iliyoshindiliwa ikizungushiwa ganda italiponda? Na tukiweka zege, ile vali ya sakafuni inatosha, au nalo linahitaji bomba la kuchungulia kama la fibaglasi? Maana nikiulizwa mimi, hilo bomba ningeliweka kwa vyovyote, hata kama ni la kunituliza moyo tu.

Halafu kuna majira. Masika yanaanza Machi. Ganda laweza kuwa chini na limejaa kabla ya mvua, likipatikana lenye vidato vya mzee, jambo ambalo silioni. Zege la miezi minne tukianza leo litakutwa na mvua shimo likiwa wazi, na shimo wazi katika udongo huu, kuta zake huanguka zenyewe. Je, kusubiri mpaka Juni kuanza zege ni busara, au ni kumpotezea mzee nusu mwaka? Uzio wa kuwazuia wajukuu tumekwisha kukubaliana, hilo usijisumbue nalo, na mambo ya mchoro kupita kaunti na mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi anayashughulikia shemeji.

Nadhani umeshaona moyo wangu umeinamia wapi. Lakini sitaki kumwambia kijana anayetuma pesa zake kwamba nimemsikiliza baba yake mdogo kwa sababu ya ndoo na picha ya vidato. Nataka niwe na jambo la udongo la kumwambia, kwa sababu hilo ndilo analoliheshimu.

Jumapili shemeji anakuja na vijana kuchimba mashimo mawili ya majaribio, moja kila upande wa pale tunapokusudia. Hilo angalau nimelishinda, maana mwanzoni alisema shimo la choo latosha. Ukinijibu kabla ya hapo nitashukuru, nijue nitazame nini wakifika chini. Mzee, yeye, ameshanunua kaptula ya kuogelea Gikomba. Nyekundu.

Wako,
Asiyejua Kuogelea, Ruai, Nairobi